Kiti cha Enzi Mnadani

Katika mwezi wa Aprili, mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya mji wa Malindi. Mmoja wa watu waliokuwamo katika safari ile aliandika habari za kila siku, ingawa jina lake hakulitia katika maandishi yake. Humo alieleza jinsi mfalme wa Malindi alivyokuja kuwatazama wageni akiwa ndani ya chombo chake. Mfalme alivaa joho la hariri lililotiwa atilasi ya kijani. Juu yake palikuwa na mwavuli wa mviringo wa atilasi nyekundu, na kando yake mzee mmoja alishika upanga mfupi wenye ala ya fedha. Wapigaji walipuliza siwa mbili za pembe za ndovu, ndefu kama kimo cha mtu. Na mfalme hakukaa juu ya ubao wa chombo wala juu ya mkeka. Alikuwa na viti viwili vya shaba vilivyotandikwa mito.

Nakuomba, msomaji, uuache mwavuli na upanga kwa muda, uvitazame viti vile. Mwandishi alikuwa mgeni wa siku chache tu, lakini hakuhitaji mkalimani wa kumwonyesha nani alikuwa bwana wa mji. Kiti kilimwambia. Wapo watu wasemao kwamba wazee wetu wa pwani hawakujua viti mpaka walipoletewa na wageni. Maandishi ya mgeni mwenyewe yanatosha kuwajibu.

Katika pwani hii kuketi kumekuwa na daraja zake tangu zamani. Mkeka ni wa wote, na jamvi la msikitini halimjui tajiri wala maskini. Baraza ya mawe iliyojengwa mbele ya nyumba ni ya wanaume wazungumzao jioni, na ya mgeni ambaye bado hajakaribishwa ndani. Kigoda ni cha mtu wa kazi na cha mzee aliyechoka. Mbuzi ya kukunia nazi nayo ni kiti, ingawa hakuna aliyepata kuisifu kwa hilo, na naamini kwamba imekaliwa mara nyingi zaidi kuliko viti vya masultani wote waliopata kutawala. Lakini kiti chenye mikono miwili na mgongo mrefu kilikuwa jambo jingine kabisa. Hicho hakikuwekwa kwa ajili ya kupumzika. Aliyekaa juu yake alikaa wima, akatazamwa.

Kiti cha namna hiyo ndicho kiitwacho kiti cha enzi. Neno enzi lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni nguvu na utukufu. Ndiyo sababu wafasiri wa Biblia walilitumia jina hilo hilo kwa kiti cha mfalme. Viti vya enzi vya Waswahili vilivyosalia hadi leo vilitengenezwa zaidi katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, katika miji kama vile Lamu, Siyu, Pate, Mombasa na Unguja. Umbo lake hulisahau ukiliona mara moja? Sidhani. Kiti ni cha pembe mraba, kirefu cha mgongo, cheusi kwa sababu ya mpingo. Mahali pa kukalia na pa kuegemea pamesukwa kwa nyuzi, mara nyingi katika vijumba vidogo vidogo vilivyogawanywa na vijiti. Katika mbao za mgongo fundi ametia njumu ya mifupa au ya pembe, vipande vyeupe vikipangwa katika nakshi za pembe tatu, misalaba na duara. Mbele yake huwa na kibao cha kuwekea miguu, kwa kuwa miguu ya mtu wa enzi haikufaa kugusa sakafu.

Wataalamu hawakupatana juu ya asili ya umbo hilo. Wako waliotaja Misri ya zama za Wamamluki, na wako waliotaja Ureno na Uhindi. James de Vere Allen, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Lamu, aliandika makala nzima juu ya viti hivi, ikachapishwa mwaka 1989. Kwa maoni yangu mabishano ya asili yamechukua nafasi kubwa kupita kiasi. Fundi wa Siyu aliyekata ulimi wa mbao ukaingia katika tundu lake pasipo mwanya hakuwa akinakili kitabu cha mtu. Alikuwa akifanya kazi aliyoamriwa na mteja aliyemjua kwa jina.

Mteja huyo alikuwa nani? Hapa ndipo kiti kinapoanza kuwa historia. Sisi tukaao Kuruwitu, katikati ya Vipingo na Takaungu, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Mwaka 1837 Seyyid Said aliwaondoa Wamazrui katika utawala wa Mombasa, na baadhi yao wakahamia Takaungu, wengine Gazi upande wa kusini. Katika miaka ya 1860 mji wa Malindi, uliokuwa umekuwa magofu, ulijengwa tena chini ya Sultani wa Unguja, na mashamba yake ya mtama na ufuta yakalisha watu wa mbali ng'ambo ya bahari. Pembe za ndovu nazo zilishuka kutoka bara kwa wingi. Zilikwenda Uhindi kufanywa bangili, na Ulaya na Marekani kufanywa vitana, vibonyezo vya vinanda na mipira ya mchezo wa biliadi. Fedha ilikuwapo, na penye fedha na ukubwa pakatakiwa kiti cha kukalia.

Lakini mtama ule haukujilima, na pembe zile hazikutembea zenyewe kutoka bara. Walima walikuwa watumwa, na katika pwani ya Kenya utumwa haukukomeshwa kwa sheria mpaka mwaka 1907. Basi utazamapo kiti cha enzi katika jumba la makumbusho, kikiwa kitupu, nyuma ya kamba, jaribu kuijaza sebule. Mwenye nyumba au mgeni wake mheshimiwa amekaa. Wa daraja yake wamekaa karibu. Wako waliokaa chini, na wako waliosimama mlangoni wakingoja kuitwa. Mzazi wa babu yako huenda alikuwa mmoja wa hao wa mlangoni, wangu pia. Kiti hicho ni chao vilevile, kwa kuwa wao ndio waliokilipia.

Sasa nitakueleza kiti kimoja nilichokijua kwa mikono yangu. Jirani yetu mmoja, mzee ambaye ni fundi wa mashua, alikwenda mnadani katika nyumba moja ya pwani ambayo wenyewe walikuwa wakihama. Dalali alinadi vitanda, masufuria, jokofu bovu, na mwishowe kiti cheusi chenye mguu uliolegea. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na wanunuzi hawakuwa wengi. Mzee alikipata kwa bei ya mbuzi wawili, akakifunga nyuma ya pikipiki, akakileta Kuruwitu. Alisema alipenda mbao tu. Baada ya siku chache alifika mchuuzi wa vitu vya kale, akataka kukinunua kwa bei ya mbuzi ishirini. Ndipo mzee aliponiita, nami nikaenda pamoja na wanafunzi wanne waliopenda historia.

Ukiletewa kitu cha kale, usiulize kwanza kina thamani gani. Uliza ni kitu gani. Swali la bei linaharakisha macho, na macho yenye haraka huona yanachotamani. Basi tulikipindua kiti juu chini, kwa sababu upande wa chini ndio ambao hakuna mtu anayejisumbua kuupamba. Mzee aligusa mbao moja moja. Mpingo ni mti mzito sana, hata kipande chake hutota majini badala ya kuelea. Moyo wake ni mweusi wenye wekundu wa zambarau, na ganda lake la nje ni la rangi hafifu ya manjano. (Mwanafunzi mmoja alipendekeza tukitupe kiti baharini tuone. Tulimshukuru.) Chini ya fremu tuliuona ukingo mwembamba wa manjano karibu na weusi, dalili ya kwamba weusi ule ulikuwa wa mti wenyewe. Lakini mzee alipofika kwenye mkono wa kuume alicheka. "Mwalimu," akasema, "huyu si wa baba mmoja na wenzake." Alikwaruza kidogo kwa ukucha upande wa ndani, na rangi nyeusi ikatoka. Chini yake palikuwa na mbambakofi.

Kisha tulitazama alama za vyombo vya kazi. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka lakini isiyolingana, kwa kuwa mkono wa mtu huchoka. Msumeno wa mviringo uendeshwao kwa mashine huacha mistari iliyopinda kama sehemu ya duara, na yote hulingana. Fremu ya kiti ilikuwa na mistari ya namna ya kwanza. Kibao cha miguu kilikuwa na mistari ya namna ya pili. Viungo vya fremu vilikuwa vya ulimi na tundu, vimekazwa kwa vijiti vya mbao bila chuma chochote. Mkono wa mbambakofi ulikuwa umetiwa skurubu mbili zenye alama ya msalaba kichwani. Skurubu za namna hiyo zilitoka viwandani katika miaka ya 1930, kwa hiyo mkono ule hauwezi kuwa wa kabla ya hapo hata mtu akiapa.

Nyuzi za kukalia zilitupa mshangao mkubwa kuliko yote. Zilisukwa vizuri, kwa ustadi wa mtu aliyejua kazi. Lakini hazikuwa za pamba. Zilikuwa za nailoni, uzi ule ule wa kutengenezea nyavu. Bila shaka mtu mmoja wa pwani alikuta zile za zamani zimekatika, akatia alizokuwa nazo. Mchuuzi alikiona hicho kuwa kilema. Mimi sikukiona hivyo. Uzi wa nailoni ulituambia kwamba kiti hiki hakikufungiwa stoo kama mzoga. Kilikaliwa, kikachakaa, kikatengenezwa, kikakaliwa tena.

Njumu ndiyo iliyotutia wasiwasi. Ilitupasa kujua kama ni mfupa au pembe ya ndovu, na sababu yake utaiona baadaye. Kwa kioo cha kukuzia, mfupa huonyesha vitundu na mistari midogo sana, ambayo ni njia zilizopitisha damu mnyama alipokuwa hai. Pembe ya ndovu haina njia hizo. Ikikatwa kwa upana huonyesha mistari hafifu inayopishana mithili ya wavu. Plastiki haina hiki wala kile, na mara nyingine ina mapovu ya hewa ndani yake. Wako wanaochoma kitu kwa sindano ya moto ili wakinuse. Usifanye hivyo, kwa kuwa unaharibu ushahidi ili uupate. Tulivipitia vipande vyote vya njumu kimoja kimoja. Vingi vilikuwa mfupa. Sita vilikuwa plastiki. Pembe hatukuona hata kipande kimoja, na mzee akashusha pumzi ingawa bado hakujua kwa nini.

Mwisho tulitazama uchakavu. Kiti kilichotumika kwa haki huchakaa pale ambapo mwili wa mtu hukigusa: mwisho wa mikono, ukingo wa mbele, na miguu ya nyuma ambayo huburutwa. Mtu anayetaka kukizeesha kiti kipya hukipiga kwa mnyororo au hukikwaruza kila mahali sawasawa, hata mahali ambapo hakuna kiwiliwili kingeweza kufika. Mkono wa kushoto wa kiti chetu ulikuwa laini kama kokoto ya ufukoni. Chini ya ubao wa nyuma palibandikwa kikaratasi kilichopauka, chenye nambari 47. Hiyo ilikuwa nambari ya mnada mwingine, wa zamani zaidi. Kiti kilikuwa kimekwisha kunadiwa mara mbili kwa uchache, na katika minada hiyo yote hakuna aliyeandika jina la mtu hata mmoja.

Basi kiti kilikuwa cha lini? Mwanafunzi mmoja aliandika katika daftari lake, "Mwaka 1850." Nikamwuliza ni alama gani iliyomwambia 1850 na si 1890 au 1905. Akakitazama kiti muda mrefu, kisha akakata. Tulichoweza kusema kwa haki ni kwamba fremu yake ilitengenezwa kwa mkono, kwa desturi ya kazi iliyostawi katika karne ya 19 na kuendelea mwanzoni mwa karne ya 20. Mkono mmoja ni wa baadaye. Kibao cha miguu ni cha baadaye. Nyuzi ni za jana. Hilo si jibu la kupendeza masikioni. Mafundi wa Lamu hata leo hutengeneza viti vya enzi kwa ajili ya mahoteli na majumba ya matajiri, tena vizuri, nao hawamdanganyi mtu. Udanganyifu huanza pale kiti kinapouzwa mara ya pili na ya tatu, na kila muuzaji akamwongezea miaka.

Sasa turudi kwenye swali la thamani, ambalo nililizuia mlangoni. Bei ya mnada si thamani ya kitu. Ni habari za siku ile. Hutokana na watu wawili wanaokitaka kitu kimoja saa ile ile. Akikosekana mmoja kwa sababu ya mvua, kiti huenda kwa mbuzi wawili. Bei ya dukani ni nyingine, maana mwenye duka ameongeza kodi, matengenezo, na miezi ya kungoja. Thamani ya bima ni nyingine tena, yaani fedha ambazo zingehitajika kupata kiti cha namna ile kama hiki kingeungua. Mtu akikuambia, "Kiti chako kina thamani ya kiasi fulani," mwulize anasema thamani ipi.

Wala usidhani kwamba ukale peke yake huleta fedha. Mwaka 1859 Michael Thonet wa Vienna alitoa kiti chepesi cha mbao zilizopindwa kwa mvuke, chenye vipande sita na skurubu kumi, na hadi mwaka 1930 vilikuwa vimeuzwa kiasi cha milioni 50. Ni cha kale na ni kizuri, lakini kiko kila mahali. Kiti cha enzi ni kichache. Tena katika vitabu vya minada mikubwa, kama ile ya nyumba ya Christie's iliyoanza London mwaka 1766, neno dogo hubadilisha bei yote. Kitu kilichoandikwa "cha karne ya 19" ni jambo moja; kilichoandikwa "kwa mtindo wa karne ya 19" ni jambo jingine, maana hilo la pili ni adabu ya kusema kwamba ni nakala. Na lipo jambo lizidishalo bei kuliko mbao, njumu na umri kwa pamoja, nalo ni jina la mwenyewe wa kwanza.

Mchuuzi yule alilijua hilo vizuri. Aliporudi mara ya pili alimwambia mzee kwamba angempa bei ya mbuzi arobaini, si ishirini, kwa sharti moja. Mzee aandike barua na kutia sahihi kwamba kiti kile kilitoka katika nyumba ya Wamazrui wa Takaungu, naye alikirithi kwa babu yake. "Ni karatasi tu," alisema. "Huko kinakokwenda hakuna atakayekuja kuuliza."

Fikiri, msomaji, barua ile ingefanya nini. Isingekidhuru kiti. Ingewekwa katika faili, ikanakiliwa katika kitabu cha mnada, kisha katika kitabu cha mtaalamu aliyekiamini kitabu cha mnada, na baada ya miaka thelathini mwanafunzi kama wewe angesoma habari za kiti cha Takaungu na kuziandika katika mtihani. Mwongo wa kwanza angekuwa amekufa, na uongo wake ungekuwa umekuwa elimu. Zaidi ya hayo, barua ingemfanya mzee kuwa mjukuu wa mtu aliyekaa katika kiti, ilhali wazee wake, kama alivyoniambia bila haya, walikuwa watu waliolikimbia jambo lile wakaingia katika kaya zao za msituni.

Watu wa Kilifi tumekwisha kuona mahali ambapo jina hupotea. Wamijikenda huwasimamishia wafu wao wa chama cha Gohu nguzo za mbao zilizochongwa, ziitwazo vigango, na desturi ni kwamba hazing'olewi. Lakini ziling'olewa usiku, nyingi sana, zikauzwa Marekani kama mapambo ya kuta za watu na ya makumbusho. Mnunuzi alilipia uzuri wa mchongo, naye hakujua ni nani aliyesimamishiwa. Vigango viwili vilivyoibwa katika boma moja la Kilifi mwaka 1985 vilirudishwa mwaka 2007, na viliweza kurudi kwa sababu mtafiti mmoja alikuwa amempiga picha mwenye boma akiwa amesimama kando yavyo kabla havijaibwa. Makumbusho ya Denver ilipoleta vigango 30 Nairobi mwaka 2019, ugumu uliobaki ulikuwa kujua kila kimoja ni cha ukoo gani. Picha moja ilifanya kazi ambayo fedha nyingi hazikuweza kuifanya.

Iko pia sheria, nayo haina huruma kwa asiyeisoma. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa ni kitu cha kale kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kitu hicho hakitolewi nje ya nchi pasipo kibali, wala mtu hafanyi biashara ya vitu vya namna hiyo pasipo leseni. Utaona kwamba swali la mwanafunzi wangu, 1850 au 1905, halikuwa mchezo wa darasani. Ama pembe za ndovu, biashara yake baina ya mataifa ilipigwa marufuku kuanzia mwaka 1990, na katika Kenya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 humtia hatarini hata mwenye kuiweka nyumbani bila ruhusa. Uingereza nayo imeifunga biashara hiyo tangu mwaka 2022, isipokuwa vitu vichache, kama vile vya kabla ya mwaka 1947 vyenye pembe iliyo chini ya sehemu moja katika kumi, navyo lazima viandikishwe. Mpingo wenyewe, tangu mwaka 2017, kwa kawaida hauvuki mipaka kwa biashara bila hati. Kama vipande vyetu vyeupe vingekuwa pembe, mzee angekuwa amenunua kesi kwa bei ya mbuzi wawili.

Alipokwisha kusikia hayo yote mzee aliniomba karatasi. Alisema maneno, nami nikayaandika kama alivyosema, kisha akatia sahihi. Karatasi yasema kwamba kiti kilinunuliwa mnadani katika nyumba ya pwani, siku fulani, mwezi fulani, kwa bei fulani. Kwamba fremu ni mpingo, na mkono wa kuume ni mbambakofi iliyopakwa rangi. Kwamba njumu ni mfupa, isipokuwa vipande sita. Kwamba kibao cha miguu si cha asili. Kwamba nambari 47 ilikuwapo kabla yake. Na kwamba mwenye kiti wa kwanza hajulikani. Aliibandika chini ya ubao wa kukalia, karibu na ile nambari, akaipaka vanishi ya mashua juu yake ili unyevu usiile. Picha za kiti tulizipiga pande zote nne, ili azipeleke kwa wataalamu wa makumbusho kabla ya kuzungumza bei na mtu yeyote.

Mchuuzi alikuja mara ya tatu. Alikipindua kiti, akaisoma karatasi mpaka mwisho, akasema kwamba sasa hawezi kutoa zaidi ya mbuzi kumi, na hata hao ni kama karatasi ile itang'olewa. Mzee akamwambia kwamba vanishi ile ni ya mashua, haing'oki.